Kashatoka, Hajatoka

Bujiku hakuwa kiziwi. Hilo liwekwe wazi mapema, maana siku zile Kharumwa nzima ilishaanza kumpigia kelele hata akienda dukani kununua chumvi. Alikuwa na miaka hamsini na minane, nywele zimemwisha mbele, goti la kushoto linalalamika kila akipanda ngazi, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Mama Valerian, mkewe, alilijua hilo kuliko wote, kwa sababu hakuna umbeya aliowahi kuunong'ona jikoni usimfikie mumewe uani.

Ukiziwi alipewa na tajiri wake, Abdulwahab, mbele ya wafanyakazi wote, siku moja baada ya Idd Pili. Na ili ujue ulimpataje, inabidi kwanza uijue Kisiwani.

Kisiwani ilikuwa bustani ya starehe pembeni mwa mji. Kisiwa chenyewe hakikuwepo. Maji ya karibu yalikuwa lambo la kunyweshea ng'ombe, na ikifika mwezi wa nane hata hilo hubaki tope na kwato. Lakini Abdulwahab, muuza saruji na mabati, alikuwa ameamua kwamba watoto wa Kharumwa nao wateleze kwenye maji kama watoto wa mjini, na Abdulwahab akishaamua jambo, mkewe huacha kubishana na kwenda kuswali. Alilinunua bomba la kutelezea kutoka hoteli moja ya ufukweni iliyofilisika, likaja vipande vipande kwenye malori mawili, rangi ya bluu, limefunikwa juu na chini, lina kona mbili. Lilianzia kwenye mnara wa chuma wenye ngazi ishirini na tisa, likapita nyuma ya tangi la maji, likazunguka banda la chipsi, likatokea bwawani upande wa pili. Watu wakaliita bomba, ikawa basi.

Tatizo lake lilikuwa moja na lilionekana tangu siku ya kwanza, kama kuna mtu angejisumbua kulitazama. Aliyesimama juu ya mnara hakumwona aliyetokea chini. Kwa hiyo waliwekwa watu wawili. Juu alikuwa Bujiku, ambaye kazi yake ilikuwa kumlaza mtoto chali, miguu mbele, mikono kifuani, kisha kumwachia. Chini alikuwa Lusia, msichana wa miaka ishirini na sita mwenye sauti ya kwaya, ambaye alimtazama mtoto akitokea, akamsogeza pembeni, ndipo akaita kwa nguvu, "Kashatoka!" Bujiku akiisikia hiyo, anamwachia mwingine. Mtoto akichelewa ndani, Lusia aliita, "Hajatoka!" na Bujiku anasubiri.

Bujiku alipewa kazi ile kwa sababu ya Nyarugusu. Huko machimboni alisimamia winchi ya duara, yaani shimo la dhahabu, miaka kumi na tisa, akiwashusha wachimbaji shimoni asubuhi na kuwavuta jioni wakiwa na pumzi zao. Hakuwahi kumwangusha mtu. Hilo alilisema kila alipopata nafasi, na asipoipata aliitengeneza.

Basi, Idd Pili. Kisiwani ilifurika. Idd ya Kharumwa ni ya kila mwenye mtoto, awe wa msikitini au wa kanisani, na Paskalina, muuza mchele wa sokoni, alikuja na mapacha wake wa miaka tisa, Kulwa na Doto, gauni za kitambaa kimoja. Akapanda nao hadi juu.

"Wanashuka pamoja," alisema.

"Mmoja mmoja, mama."

"Baba, hawa ni mapacha. Wamenyonya pamoja, wamechanjwa pamoja. Ukimpa Kulwa, Doto naye apewe hapo hapo. Wewe si Msukuma wewe?"

"Msukuma. Na Doto simnyimi, anafuata."

Bujiku aliijua desturi hiyo vizuri, kwao walikuwepo mapacha jozi mbili. Lakini sheria ya bomba ilikuwa mtu mmoja, na yeye si mtu wa kulainishwa na mama wa mtu. Paskalina akasonya, akashuka kwenda kuwangojea bwawani. Kulwa akamwinamia mwenzake sikioni. "Nitakusubiri," alimwambia. Bujiku alilisikia neno hilo, kwa masikio yale yale yaliyokuja kusingiziwa, akaona ni neno zuri la ndugu. Akamlaza Kulwa chali, akamwachia.

Maji yalikuwa yanavuma. Masudi wa muziki alikuwa amefungulia spika zake mpaka mabati ya banda la chipsi yanatetemeka. Kisha ikaja sauti ya Lusia, na Bujiku akaisikia wazi kabisa: "Kashatoka!"

Akamwachia Doto.

Alisikia mshindo ndani ya bomba, halafu kilio. Kwanza kilikuwa cha mtoto mmoja, baadaye cha wawili. Bujiku alishuka ngazi ishirini na tisa bila kulikumbuka goti. Alimkuta Lusia ndani ya maji hadi kiunoni, amewakumbatia wote wawili, na maji yameingia wekundu kidogo. Doto alikuwa amevunjika mtulinga. Kulwa alikuwa amepasuka mdomo na jino la mbele halipo, na lilikuwa jino la ukubwani, haliji lingine.

Asubuhi yake Abdulwahab aliwakusanya. Alikuwa hajalala, macho yamevimba, na gharama zote za hospitali alishasema ni juu yake, hilo asinyimwe. Lakini alitaka kujua.

"Lusia, ulisema nini?"

"Nilisema hajatoka. Nilisema mara mbili, tajiri. Naapa kwa mwanangu." Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta.

"Mzee Bujiku?"

"Alisema kashatoka."

"Sikusema!"

"Ulisema! Nimesikia kwa haya masikio!"

Abdulwahab akamtazama yule mzee kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomuuma Bujiku kuliko tusi. "Mzee wangu, miaka kumi na tisa karibu na makarasha yale yanayosaga mawe mchana kutwa. Sikio nalo lina mwisho wake. Bomba nalifunga mpaka Nane Nane. Tukifungua, juu atasimama Masudi. Wewe utakaa getini, ukate tiketi, ukae kwenye kiti."

Kiti! Bujiku alitoka pale bila kuaga. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hofu. Kama kweli masikio yamekufa, basi yeye ndiye aliyemvunja yule mtoto. Na kama hayajafa, basi kilichomvunja bado kipo pale pale kwenye mnara, kinamngojea Masudi, na safari ijayo hakitavunja mtulinga tu, kitavunja shingo.

Siku ya nne alienda kuwaona watoto. Paskalina alimpa kigoda, akamletea maji ya kunywa, akafanya kila analofanyiwa mgeni isipokuwa kumtazama usoni. Doto alikuwa amelala mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Kulwa alikaa miguuni pake, mdomo umevimba, na tangu walipotoka hospitali alikuwa hataki kuoga kwenye beseni. Maji alijipaka kwa kitambaa, kama mgonjwa.

"Ungewaachia pamoja," alisema Paskalina, "wasingegongana."

Bujiku alikuwa na jibu kali tayari. Akalimeza. "Mama Kulwa, wakishuka wawili pamoja wanavunjana vichwa kwenye kona. Mmoja mmoja ni sawa. Kosa langu ni kwamba nilimwachia wa pili kabla sijawa na hakika na wa kwanza. Hilo ni langu na nimekuja kulisema."

Paskalina akamtazama kwa mara ya kwanza. Kisha ile sauti ya Kulwa, iliyokuwa inapitisha upepo pale penye pengo, ikasema, "Mimi nilimwambia nitamsubiri."

"Ulimsubiri wapi, ng'wana wane?" aliuliza Bujiku, akimwita mwanangu kwa Kisukuma.

"Kwenye kona. Nilikanyaga huku na huku nikasimama. Nilitaka tutokee pamoja."

Bujiku aliyaweka chini maji aliyopewa. Neno lile alilisikia. Aliliona zuri, akalipitisha, hakumwuliza mtoto anasubiri wapi. Kila mtu wa Kharumwa angejua kwamba Kulwa hawezi kumwacha Doto nyuma, na yeye Msukuma mzima, mjomba wa mapacha wanne, alidhani atamsubiri bwawani. Aliaga akiwa mdogo kuliko alivyoingia.

Kesho yake akapanda basi kwenda Geita, hospitalini, kwenye chumba cha masikio. Walimvisha vifaa kichwani, wakamwambia abonyeze kila akisikia mlio. Akabonyeza mpaka kidole kikachoka. Mtaalamu akamwandikia karatasi: masikio mazuri kwa umri wake, ila ile milio myembamba sana kama ya mbu ndiyo imepungua. "Mbu sina haja nao," alisema Bujiku, na akacheka kwa mara ya kwanza tangu Idd.

Alifurahi. Tusimfanye malaika. Njia nzima ya kurudi aliishika ile karatasi mfukoni akiwaza namna atakavyoiweka mezani kwa Abdulwahab, polepole, bila kusema kitu. Ilikuwa karibu na Kharumwa ndipo furaha ilipoanza kumkauka. Kama masikio ni mazima, basi Lusia ni mwongo. Na Lusia akiwa mwongo, hatapewa kiti getini. Atafukuzwa, na mji mzima utamwita yule aliyetaka kuua mapacha, na mwanaye ataanza darasa la kwanza na jina hilo.

Hata hivyo alikuwa na hasira naye bado. Akaona ni haki amwambie usoni kwanza, ndipo aende kwa tajiri. Akashika njia ya mtaani kwa kina Lusia.

Mtaa ule una bomba moja la maji, la umma, na maji hutoka yanapotaka. Wanawake walikuwa wameketi kivulini ng'ambo ya barabara, ndoo tupu zimejipanga, na mmoja wao, Ghati, alikuwa ametumwa kwenda kufungua koki aone. Katikati palikuwa na mashine ya kusaga, inaunguruma. Ghati alifungua koki, akatazama, akawageukia wenzake, akaita, "Hayajatoka!"

Wanawake watano wakainuka kwa pamoja, wakanyakua ndoo, wakakimbia. Walimfikia Ghati wakitweta.

"Mbona makavu? Si umesema yashatoka?"

"Nimesema hayajatoka! Nyie masikio mmeyaacha wapi?"

"Yashatoka, tumesikia wote!"

Bujiku alisimama katikati ya barabara. Bodaboda ikampigia honi, hakuipisha. Miongoni mwa wale waliokimbia alimwona Lusia, ndoo mkononi, anacheka na wenziwe. Lusia naye akamwona, na kicheko kikamwisha usoni.

"Shikamoo, Baba Valerian."

"Marahaba. Sema hajatoka."

Lusia akadhani mzee amekuja kumdhalilisha mbele za watu. Akaiweka ndoo chini. "Baba, mimi nilishaapa…"

"Sikugombi, mwanangu. Nenda pale ng'ambo, nyuma ya mashine. Nipigie kelele, hajatoka au kashatoka, unavyotaka wewe. Usiniambie ni ipi."

Akaenda. Akaita mara ya kwanza, na Bujiku akasema, "Kashatoka." Akaita ya pili, ya tatu, ya sita. Wale wanawake wakawa wamesahau ndoo zao, kila mmoja anabahatisha lake, wanabishana. Lusia aliporudi na kuwaambia alichosema, hakuna hata mmoja aliyepata zaidi ya nusu. Ungeweza kurusha kizibo cha soda hewani ukapata hivyo hivyo.

"Unaona?" Bujiku alisema. "Wewe ulisema hajatoka. Mimi nilisikia kashatoka. Ha-ja-to-ka. Ka-sha-to-ka. Kelele inakula mwanzo, inabaki toka peke yake. Hukusema uongo, Lusia."

Lusia alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akalia kwa sauti, na ilikuwa ni nafuu tupu. Siku zote zile, alisema, alishaanza kuamini kwamba labda ulimi wake ndio uliteleza. Bujiku alijiona mjinga wa kutosha. Karatasi ya Geita alikuwa nayo mfukoni, akaiacha humo humo.

Asubuhi walikwenda wote wawili kwa Abdulwahab. Bujiku hakumweleza kitu. Alimwomba kitu kimoja tu, tajiri apande mnarani.

"Mimi?"

"Wewe. Masikio yako hayajawahi kukaa na karasha."

Abdulwahab akapanda, kanzu ameikunja mkononi. Maji yakafunguliwa bombani, Masudi akawasha spika zake kama siku ya Idd. Lusia akakaa chini bwawani na kijiti, akichora ardhini mstari wa wima kila alipoita kashatoka na wa kulala kila alipoita hajatoka. Juu, Bujiku alimpa tajiri madebe kumi matupu ya mafuta ya kupikia. "Haya ni watoto. Ukisikia kashatoka, achia moja. Ukisikia hajatoka, shikilia."

Abdulwahab alishikilia debe la kwanza kwa makini, kama ana mtoto wa mtu kweli. Akaachia, akashikilia, akaachia tena mawili. Alijiamini sana. Walipozima maji na kushuka, madebe manne yalikuwa yameachiwa Lusia akiwa amesema hajatoka, na mawili kati ya hayo yalikuwa yamebondeka.

Abdulwahab aliliokota lile lililobondeka zaidi, akaligeuza geuza. Akajaribu kulinyoosha kwa kidole gumba, likakataa. "Nimewaua wanne," alisema mwishowe.

"Hata mimi ningewaua, tajiri," alisema Masudi, na yeye hakuwa anacheka.

"Basi tubadilishe maneno," alisema Abdulwahab. "Lusia aseme ndiyo na hapana."

"Maneno hapana," Bujiku alijibu. "Tajiri, kule Nyarugusu mtu akiwa shimoni hatuongei naye. Sauti ikitoka mita sitini chini inafika juu ni uji. Tuna kamba. Aliye chini akivuta mara mbili, namvuta. Asipovuta, sigusi winchi. Hakuna alama ya usinivute. Kimya ndiyo hiyo alama. Mtu akizimia, kamba iko kimya. Akinaswa, kimya. Kamba ikikatika, kimya vile vile. Kila ubaya ukitokea unanikuta nimesimama. Hapa sisi tuliweka neno la twende na neno la simama, halafu tukayafanya ndugu."

Aliyasema yote hayo kwa pumzi moja, na alipomaliza alijionea hasira upya. Miaka kumi na tisa aliijua kazi hii. Alipewa mnara mzuri wa rangi, akaona huku ni starehe, si mgodi, akaiacha akili yake Nyarugusu.

"Na Lusia akisahau kuvuta?" aliuliza Abdulwahab.

"Situmi mtu."

"Na foleni ikijaa ngazini?"

"Ijae."

"Hata mpaka adhuhuri?"

"Hata mpaka alasiri, tajiri. Watakula chipsi."

Hilo la chipsi lilimfanya Abdulwahab atabasamu kidogo. Akampa mkono. Habari za kiti cha getini hazikutajwa tena na mtu.

Kazi ilichukua wiki mbili. Walipitisha kamba kutoka ukingoni mwa bwawa, juu ya vigurudumu vitatu vya roda, hadi mnarani, na mwisho wake wakafunga nyundo mbele ya rimu ya gari, kama ile inayogongwa shuleni. Lusia akapaka mstari wa njano kwenye vigae vya ukingoni. Mtoto akitokea ndani ya maji haitoshi, mpaka avuke mstari kwa miguu yake ndipo kamba ivutwe mara mbili. Mara moja haihesabiki, inaweza kuwa upepo au mtu amejikwaa. Spika za Masudi zilihamishiwa getini, alinuna siku tatu. Na Bujiku akaongeza swali lake mwenyewe, ambalo kila mtoto alitakiwa alijibu kabla ya kulala chali.

Ndipo ikaja Nane Nane. Kulikuwa na jua la kipupwe, watu wametoka hadi vijijini, ngazi zote ishirini na tisa zimejaa. Mambo yalikwenda vizuri tangu asubuhi, ngo, ngo, anashuka mmoja, ngo, ngo, anashuka mwingine. Saa tano hivi Bujiku akaona gauni mbili za kitambaa kimoja zinapanda.

Paskalina alikuwa nyuma yao. "Mwangaluka, Baba Valerian," alimsalimu kwa Kisukuma akihema. "Sikuwaleta mimi. Huyu Doto ndiye ameng'ang'ania. Anasema Kulwa hataki maji kwa sababu yake, na yeye hataki kuwa sababu."

Doto, mkono umepona, alikuwa amesimama wima. Kulwa alikuwa ameushika ukingo wa chuma kwa mikono miwili, midomo mikavu. Bujiku akapiga goti, lile baya, akawa sawa naye usoni.

"Si lazima, ng'wana wane. Ngazi za kushukia zipo."

Kulwa akatikisa kichwa. "Natangulia mimi. Mimi ndiye Kulwa."

"Haya. Swali langu. Mwenzako utamsubiri wapi?"

"Nje."

"Nje wapi?"

"Nyuma ya mstari wa njano. Sisimami kwenye kona. Sisimami popote."

"Na wewe Doto unakwenda lini?"

"Ikigonga mbili."

Akamlaza Kulwa chali. Kulwa akafumba macho, akakunja mikono kifuani, akaenda.

Bujiku akamshika Doto bega, la upande ule ambao haukuvunjika. Akasubiri.

Kimya. Maji yalivuma tu. Wengine walikuwa wanachukua muda wa kuhesabu ishirini, lakini huyu alifika arobaini, akafika hamsini. Ngazini watu wakaanza kunung'unika. George fundi, aliyekuwa na wanawe watatu nyuma, akasema, "Mzee, atakuwa ameshatoka huyo, tuma." Mtu mwingine chini akapiga kelele, toka, toka, kitu kama hicho, na zamani ingetosha. Doto aliinamia mdomo wa bomba akisikiliza. Paskalina alikuwa ameziba mdomo kwa khanga.

"Kimya ni simama," Bujiku alisema, na hakumwambia mtu yeyote hasa.

Rimu ikagonga. Ngo. Mara moja, tena hafifu.

"Hiyo hapo!" alisema George.

"Hiyo moja."

Chini, kama Lusia alivyokuja kusimulia baadaye, Kulwa alikuwa ametokea salama, ameogelea, amevuka mstari wa njano, halafu akaishika ile kamba na kugoma kuiachia. Ni yeye atakayemwita Doto, si mtu mwingine. Lusia angeweza kumnyang'anya. Badala yake alimshika kiuno, kwa maana kamba ilikuwa nzito, na mtoto wa miaka tisa ilibidi aning'inie nayo kwa uzito wake wote. Mara ya kwanza mikono yenye maji iliteleza. Akajifuta kwenye gauni la Lusia, akaruka tena.

Ngo. Na mara moja baada yake, ngo.

"Hizo mbili," alisema Doto. Akamtazama Bujiku. "Ni yeye?"

Bujiku aliisikia kamba ile kama alivyozisikia za Nyarugusu, ambako kwa mvuto tu alimjua kila mtu aliye chini. Mvuto wa Lusia ulikuwa wa nguvu na wa haraka. Huu ulikuwa wa mtu mwepesi anayening'inia.

"Ni yeye," alisema. "Kashatoka."

Doto akalala chali mwenyewe, bila kuelekezwa. Miguu mbele, mikono kifuani. Akaenda akipiga kelele za furaha tangu kona ya kwanza hadi ya pili, halafu sauti ikakatika kwa mshindo wa maji. Paskalina alikuwa ameshazifikia ngazi za chini, anakimbia.

Bujiku akamwita anayefuata, mtoto wa kwanza wa George, akamweka tayari, akasubiri rimu. Ikagonga. Ngo, ngo, ngo, ngo, ngo, haikukoma, mikono minne kwenye kamba moja, na katikati ya mlio huo vicheko viwili vilivyofanana kabisa, na Lusia anapiga kelele, "Acheni, acheni jamani, mtaivunja!"

"Twende, mzee!" alisema George. "Si imegonga?"

Machozi yalikuwa yanamshuka Bujiku hadi kwenye ndevu, na hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imemshika mtoto wa watu.

"Subiri," alisema. "Hizo si mbili."